SOMO LA NYUMBANI: Krismasi, Michezo ya Watoto na Moto wa Jikoni

Mwezi wa Desemba uingiapo katika nchi ya Bungoma na Trans Nzoia, mahindi mengi yamekwisha kuvunwa. Ukipita Mabanga, mahali ambapo wakulima wengi wanapajua kwa sababu ya chuo chao cha mafunzo, utaona mahindi yameanikwa juani juu ya maturubali, na magunzi yamerundikwa kando ya nyumba. Shule zimefungwa. Wana waliokwenda kufanya kazi Nairobi, Eldoret na Kitale wanarudi kwa wazazi wao pamoja na wake zao na watoto wao, hata nyumba iliyozoea kulaza watu sita yalaza watu kumi na wanane.

Ni siku za furaha, na hakuna mzazi asiyetaka watoto wazifurahie. Lakini siku hiyo ya Krismasi moto huwashwa tangu alfajiri hata usiku, sufuria kubwa za chai na za mafuta zi juu ya mafiga, na watoto ni wengi kuliko siku nyingine yo yote ya mwaka. Kila mtu mzima adhani kwamba mwenzake ndiye anayewaangalia. Kwa hiyo somo hili lina mambo mawili, yaani vitu vya kuwatengenezea watoto pasipo gharama kubwa, na namna ya kuwalinda. Msomaji ataona upesi kwamba mambo hayo mawili hayako mbali, maana mtoto aliyeketi chini ya mti akifunga mpira wake hayumo jikoni.

Mpira wa mgomba

Tuanze na mpira, kwa kuwa ndio utakaowashughulisha watoto wengi kwa muda mrefu. Miaka iliyopita watoto walifunga mipira yao kwa mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti, 2017, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea vitu, haionekani tena imetupwa ovyo kila mahali kama zamani. Hatuna haja ya kuisikitikia, maana mipira ya mgomba ilichezwa kabla plastiki haijaletwa, na ilidunda vizuri.

Mtoto achukue matambara makuukuu, ayakunje yawe donge la ukubwa wa chungwa, na alikaze kwa uzi. Kisha achukue majani makavu ya mgomba yale yanayoning'inia shinani, ayanyunyizie maji kidogo ili yasikatike, na ayazungushie donge lake, tabaka moja kwa upande huu na tabaka la pili kwa upande mwingine, akikaza kila mara. Maganda makavu ya shina la mgomba huchanwa yakawa kamba nyembamba, na hizo ndizo za kufungia. Kamba ya kwanza yazunguka mpira katikati. Ya pili yaikata ya kwanza kwa mfano wa msalaba. Zile zinazofuata hupitishwa chini na juu ya wenzake, hata mpira wote umevikwa kitu kama wavu. Siri ya kazi hii ni kukausha. Mpira ukiisha kufungwa uachwe juani nusu siku, kisha kamba zikazwe tena. Mpira usiokazwa mara ya pili hufumuka kabla mchezo haujakwisha, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Yafaa kazi hiyo ifanywe juma moja kabla ya sikukuu, si siku ile ile. Mtoto wa miaka minane aweza kuifanya peke yake. Wadogo zake wamletee majani.

Mtoto wa gunzi na gari la waya

Watoto wadogo zaidi hupenda kutengeneza sanamu ya mtu kwa gunzi. Watu husema hiyo ni kazi ya wasichana, lakini nimewaona wavulana wakiifanya vizuri kuliko dada zao. Maganda ya mahindi huloweshwa katika maji kwa muda wa robo saa ili yalainike. Ganda moja hufunikwa juu ya ncha ya gunzi na kufungwa kwa uzi, likawa kichwa. Ganda lingine husokotwa na kupitishwa kiunoni likawa mikono. Yale mapana hufungwa kiunoni yakining'inia, nayo ndiyo nguo. Ndevu za mahindi zilizokauka ni nywele. Macho yachorwe kwa makaa, wala yasibandikwe kwa vifungo au kwa mbegu ikiwa mwenye kuchezea ni mtoto asiyetimiza miaka mitatu, kwa sababu atayabandua na kuyatia kinywani.

Gari la waya ni kazi ya watoto wakubwa. Magurudumu yaweza kukatwa katika malapa yaliyokwisha kuvaliwa, na usukani ukawekwa juu ya waya mrefu au fito ili mwenye gari aliendeshe akiwa amesimama wima. Kila ncha ya waya ikunjwe ndani kwa koleo. Ncha moja iliyoachwa wazi yatosha kumpofua mtoto jicho siku nzima ya mbio.

Hapa lazima tuseme neno juu ya makopo. Watoto wetu hugeuza kila kopo kuwa ngoma, kila chupa kuwa gari, na kila kifuniko kuwa kikombe. Katika nchi ya mahindi nyumba nyingi zina makopo na chupa zilizokuwa na dawa ya kuua wadudu shambani, au dawa ya unga ichanganywayo na mahindi ghalani. Vyombo hivyo si vya kuchezea wala vya kunywea, hata vikioshwa mara kumi. Sumu hubaki ndani yake. Vitobolewe visiweze kutumika tena, viwekwe mbali na watoto, kisha baba mwenye shamba amwulize Bwana Shamba mahali pa kuvipeleka. Hali kadhalika mahindi ya mbegu yaliyopakwa rangi si ya bisi wala ya kuchemsha, hata yakibaki mfukoni na njaa ikawa kali. Rangi ile iliwekwa makusudi ili watu wajue kwamba yametiwa dawa.

Shanga za mbegu zapendeza sana shingoni mwa mtoto, lakini kuna mbegu mbili za kuepukwa. Moja ni mbegu ya mbono, ambao wengine huuita mbarika, nayo ina madoadoa na yang'aa kama jiwe zuri. Ya pili ni ile mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi upande mmoja. Zote mbili zina sumu kali, na mtoto akizitafuna aweza kufa. Kutobolewa kwa sindano huzidisha hatari, kwa kuwa gumba lake gumu ndilo lililokuwa likiifungia sumu ndani. Tumieni mbegu za maboga. Huoshwa, hukaushwa, hutiwa rangi kwa maji ya manjano yaliyochemshwa, kisha hutungwa.

Mapambo ya nyumba hayahitaji maneno mengi. Tawi la saipresi, ule mti upandwao kuwa ua, husimikwa katika debe lenye mawe na mchanga uliolowa maji. Daftari za mwaka uliokwisha hukatwa vipande vyembamba na kuunganishwa kuwa mnyororo kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji mpaka ukawa mzito. Mishumaa isitiwe kabisa katika tawi hilo, kwa maana saipresi ina utomvu na huwaka ghafula kama mafuta.

Vyakula vitamu

Wali, kuku na chapati kila mama ajua kuvipika, nami sina la kumfundisha. Nitataja viwili tu ambavyo watoto hukumbuka mpaka mwaka wa pili.

Cha kwanza ni kashata za karanga. Chukua vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda, kikombe kimoja cha sukari, na nusu kikombe cha maji. Chemsha maji na sukari mpaka tone moja likidondoshwa katika maji baridi laganda. Hapo mimina karanga, koroga upesi, mwaga juu ya sinia iliyopakwa mafuta, na kata vipande kabla havijawa vigumu. Watoto wachambue karanga na kuzipepeta, lakini sukari iliyoyeyuka ni kazi ya mtu mzima peke yake. Moto wake wapita ule wa maji yachemkayo, tena hunata juu ya ngozi, haitiririki kama maji.

Huko kuchambua karanga si mchezo wa kuwapotezea watoto saa. Karanga na mahindi yaliyovunda huweza kuwa na sumu iletwayo na ukungu, nayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa itupwe, wala asipewe kuku ambaye mtakula mayai yake. Tena mtoto asiyetimiza miaka mitano asipewe karanga nzima wala bisi, kwa sababu humpalia na kuziba njia ya pumzi. Mwenye umri huo asagiwe karanga zake. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo.

Cha pili ni keki ya mchanga. Wengi hudhani keki haiwezekani pasipo jiko la umeme au la gesi, lakini vikundi vya akina mama, kama vile vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952, vimefundisha kuioka kwa makaa, na njia hiyo bado ni nzuri. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, robo kilo ya sukari, robo kilo ya siagi, mayai matano, vijiko viwili vidogo vya bekingi pauda, na maziwa kidogo. Siagi na sukari hupigwa kwa mwiko mpaka zimekuwa nyeupe na laini. Kazi hiyo ya kupiga ni ndefu, na watoto wapokezane, kila mmoja akihesabu hadi mia. Mayai hutiwa moja moja, kisha unga uliochanganywa na pauda, mwisho maziwa.

Sasa twaa sufuria kubwa, tia mchanga safi uliokauka, kina cha vidole viwili, na uweke juu ya jiko la makaa mpaka mchanga umepata moto. Sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutiwa ule mchanganyiko huwekwa juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa sinia ya bati, na juu ya sinia weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mwenye kuyageuza hayo na kuyaweka chini, jiko hugeuka tanuri la kuunguza, na keki huwa nyeusi chini na mbichi katikati. Baada ya muda wa dakika arobaini choma katikati kwa kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, imeiva. Kisipotoka kikavu, ongeza dakika kumi, wala usifunue mara kwa mara kwa hamu ya kutazama.

Mstari wa majivu

Miaka mingi iliyopita mwandishi wa somo hili alialikwa kula Krismasi katika nyumba moja njema sana. Chai ya watu ishirini ilikuwa imeteguliwa na kuwekwa chini, karibu na mlango wa jiko, ipoe kidogo. Mtoto wa miaka miwili alirudi nyuma akimkimbia kaka yake katika mchezo, akaketi ndani ya sufuria, na mkono wake wa kuume ukazama. Watu wazima tisa walikuwa katika ua ule. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine akavunja yai, wa tatu akatia samli, na kila mmoja alifanya hivyo kwa upendo. Kwenda hospitali kulichelewa mpaka kesho yake. Leo mtoto yule ni kijana, lakini vidole vyake viwili havinyooki, na kalamu hushika kwa mkono wa kushoto.

Mafiga yetu yako chini, na hayo ndiyo tofauti kubwa na majiko marefu ya mjini. Kitu kilicho chini kiko mbele ya uso wa mtoto. Basi asubuhi ya sikukuu, kabla moto haujawashwa, mama mwenye nyumba achukue majivu na achore mstari kulizunguka jiko, hatua mbili kamili kutoka motoni. Awaite watoto wote, wa nyumbani na wageni, awaonyeshe mstari huo na kuwaambia kwamba hakuna mtoto atakayeupita. Watoto hupenda sheria ionekanayo kwa macho, na wakubwa watawakemea wadogo kwa bidii hata utacheka. Majivu yakifutika, yachorwe tena. Sufuria yo yote iteguliwapo iwekwe ndani ya mstari au juu ya meza ndefu, isiwekwe mlangoni.

Lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili hajui mstari. Huyo ahitaji mtu. Kati ya watu wazima waliopo achaguliwe mmoja kwa jina, mbele ya wote, awe mwangalizi wa wadogo kwa saa mbili, kisha ampokeze mwingine. Saa yake ikiwa haijaisha, hapiki, hasuki nywele za mtu, wala hanywi pombe. Wajomba na mashemeji waliokuja na gari jipya wapewe zamu yao pia. Nimeona desturi hii ikileta mzaha mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili watu wakauliza wenyewe zamu zao.

Iwapo mtoto ameungua licha ya hayo, mvue upesi nguo iliyolowa maji moto, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Mimina maji baridi safi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika ishirini kamili, kwa saa ya mkononi. Dakika mbili hazitoshi. Usitie dawa ya meno, yai, unga, samli, wala barafu. Usipasue malengelenge. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe kwa blanketi asipate baridi, kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na aende hospitali siku ile ile ikiwa jeraha lapita ukubwa wa kiganja chake, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji. Funika kwa kifuniko na uondoe moto chini yake.

Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Siku ya Krismasi mtoto ameona chupa kama hiyo mara tano, na kila mara ilikuwa na kitu kitamu. Akiyanywa, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa ili atapike, kwa maana hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni yanapopanda tena. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Usiku, wageni wakiwa wamejaa vyumbani, jambo moja huwavuta watu katika kosa. Kitale iko juu kiasi cha meta 1,900 toka usawa wa bahari, na katika miteremko ya Mlima Elgon baridi ni kali zaidi. Mtu huona huruma kwa watoto waliolala sakafuni, akawaingizia jiko la makaa na kufunga madirisha. Hewa ya makaa haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Huua nyumba nzima kimya kimya. Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, na watoto walale pamoja chini ya blanketi mbili.

Visima vifunikwe kwa kifuniko kizito kabla wageni hawajafika, kwa maana mtoto wa mjini hajui kisima kiko wapi. Ndoo na beseni zilizobaki na maji zimwagwe. Mtoto mchanga aweza kuzama katika maji yasiyofika goti lake. Wanaotaka kwenda mtoni waende na mtu mzima ajuaye kuogelea, wala si na kaka yao wa miaka kumi na miwili.

Nyama na wali uliobaki usikae mezani kutwa nzima ukingojea wageni wa jioni. Ukishakaa saa mbili nje, huanza kuharibika. Pikeni mara mbili kidogo kidogo, au pasheni moto mpaka chakula chote kifuke mvuke, na mara moja tu.

Sikukuu ikiisha, tawi la saipresi litakuwa limekauka sana. Lisitiwe katika moto wa jikoni kuchochea chai, maana miali yake yaweza kufika kwenye nyasi za paa kwa mara moja. Likatwe vipande na kuchomwa nje, uwanjani, mchana, pasipo upepo, na ndoo ya maji iwe karibu. Mipira ya mgomba itundikwe juu ya kichanja cha jikoni ikauke vizuri, nayo itafaa mpaka shule zifunguliwe mwezi wa Januari.